Kupanda na Kupakiwa

Kanku aliliona jina lake kwa bahati, siku ya tisa tangu familia yao ihamie kwenye uwanja wa stesheni ya Kolwezi. Kaka yake Barnabé alikuwa amekwenda kuchota maji, akaliacha daftari lake wazi juu ya godoro lililokunjwa. Barnabé alikuwa karani wa ghala la kampuni ya madini kwa miaka kumi na tisa, na karani wa ghala hahamishi hata sufuria bila orodha. Safu ya kwanza ilitaja kitu, ya pili idadi yake, ya tatu wabebaji. Magodoro: mawili, mtu mmoja. Mashine ya kushona na sanduku lake: moja, mtu mmoja. Kanku: mmoja, watu wawili. Unga wa mahindi: magunia matatu, watu wawili.

Alicheka, kwa sababu mwandiko ulikuwa mzuri mno. Kisha kicheko kikaishia njiani. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na nusu ya mabibi harusi wa mtaa wa Kapata walikuwa wameolewa katika nguo alizozishona yeye. Polio ilimpata akiwa na miaka mitatu, ikauacha mguu wake wa kushoto mwembamba na usio na nguvu, na mpaka alipotimiza miaka tisa alibebwa na mama yake, na shangazi zake, na yeyote aliyekuwa na mgongo wa kuazima. Kisha akapata aparei yake ya kwanza: vyuma viwili vilivyopita pande zote za mguu, mikanda ya ngozi, na kitasa kidogo kwenye goti ambacho kikilia na kujifunga, mguu husimama kama nguzo. Akapata na magongo mawili. Tangu asubuhi ile hakuna mtu aliyembeba tena. Hata siku walipofukuzwa Kapata alikuja stesheni kwa miguu yake, ingawa safari ile ilimla nusu ya siku na ngozi yote ya kwapa.

Ulikuwa mwaka 1993. Migodi ilikuwa ikizama, mishahara ilichelewa hadi watu wakaisahau tarehe yake, na katika dhiki hiyo watu wenye asili ya Kasai waliambiwa kwamba mji si wao, warudi kwao. Babu yake Kanku aliletwa na kampuni kuchimba shaba. Baba yake alizaliwa katika nyumba za kampuni. Yeye mwenyewe alizaliwa katika wodi ambayo paa lake lilionekana kutoka pale alipokuwa ameketi sasa. Kurudi mahali ambapo mtu hajawahi kufika ni jambo ambalo ulimi hulitamka bila shida, lakini miguu hulishangaa. Hata hivyo maelfu walikuwa wamekaa pale chini ya maturubai, wakingoja treni ya kuwarudisha.

Barnabé aliporudi na ndoo yake, alimkuta dada yake amelishika daftari.

"Yaya," alisema, kama aitwavyo kaka mkubwa kwao, "umeniandika kati ya mashini na unga."

"Nimefuata uzito," alisema Barnabé. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwema, aliona haya, akaongeza kwamba unga ungeweza kuhamishiwa mstari mwingine.

Kisha akamweleza, kwa utaratibu wake wa ghalani, yale aliyoyaona wiki iliyopita. Treni ilisimama muda mfupi, watu wakaijaa kama maji yaingiayo mtungini. Mzee mmoja alijaribu kupanda polepole, akabaki chini na kigoda chake, na familia yake ikaenda bila yeye. Vidato vya behewa vilikuwa juu sana, na upande ule hapakuwa na jukwaa. Yeye alikuwa amekwisha kuzungumza na vijana wawili wa ukoo wenye mabega mapana. Treni ikitokea tu, wangemnyanyua Kanku kabla ya kitu kingine chochote. Ilikuwa ni heshima, alisema, kumtanguliza.

"Mi sitapakiwa," alisema Kanku. "Shaba njo inapakiwa. Mi ninapanda."

"Utapanda na muguu gani?"

Hakuuliza kwa dhihaka. Aliuliza kama ambavyo angeuliza kuhusu kreti ambayo kamba yake imekatika. Laure, mkewe, aliyekuwa akisonga ugali wa bukari hatua mbili kutoka pale, alisimamisha mwiko. Walibishana mpaka chakula kikawa tayari, na walipokuwa wakinawa mikono wakafikia makubaliano. Ikiwa kabla ya treni kuja Kanku angemwonyesha kaka yake kwamba anaweza kutoka ardhini hadi ndani ya behewa kwa nguvu zake, na kwa haraka, wale vijana wangefutwa. Ikiwa angeshindwa, angebebwa, na asingelalamika mpaka Mwene-Ditu, huko Kasai. Laure alisema sharti hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu.

Siku mbili baadaye akatokea Tata Mukuna, yaani Baba Mukuna. Huyu alikuwa kine, kama wanavyoitwa Kolwezi watu wa kunyoosha viungo na kuvirudishia nguvu, na alifanya kazi katika hospitali moja ya mji. Asili yake ilikuwa kaskazini mwa Katanga, kwa hiyo hakuna aliyemfukuza. Alikuwa bado na nyumba yake, kazi yake, na chumba cha mazoezi ambamo umeme ulikuwa umekatika, mafuta ya kukandia yalikuwa yamekwisha, na nusu ya wagonjwa walikuwa wamehamia stesheni. Alipita kati ya maturubai akiwa na daftari la miadi mkononi, mpaka akamwona.

"Mama Kanku, umekosa Jumanne mbili."

"Tata, tulifukuzwa."

"Nilisikia. Lakini haukutuma habari."

Alilisema bila kutabasamu, na Kanku, aliyemjua kwa miaka kumi na moja, alielewa kwamba huo ndio mlango pekee aliouona wa kuingilia mahali pale bila kutokwa na machozi. Akampisha kwenye godoro. Mukuna akampima nyonga, akampima goti, akajaribu kuifunga aparei. Kitasa hakikulia. Mguu ulikuwa umejikunja kidogo, kiasi cha upana wa vidole viwili, na vidole viwili vilitosha kuharibu kila kitu.

"Unashinda unafanya nini?"

"Nakaa juu ya mizigo. Naichunga."

"Basi mizigo imekufundisha tabia yake," alisema Mukuna, bila kujua ni kidonda gani alichokigusa.

Kanku akamsimulia habari ya orodha. Mukuna alisikiliza mpaka mwisho, akafunga daftari lake, na kwa mara ya kwanza siku ile akaonekana mwenye furaha, kwa maana mgonjwa mwenye hasira ana faida kubwa kwa mtu wa kazi yake. Alimwamuru alale kifudifudi nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri, ili uzito wa mwili wenyewe uivute nyonga polepole. Mengine yangefuata.

Asubuhi iliyofuata Kanku akatandika mkeka, akalala uso chini. Hakuwa amemaliza dakika kumi akasikia mtu anaketi kando yake na kuanza kulia kwa sauti ya chini, ile ya msibani. Alikuwa Mama Mianda, mjane wa miaka sitini na kitu, jirani yao wa stesheni. Kanku akageuza shingo, akamwambia kwamba hakuna aliyefariki, ilikuwa nyonga tu. Mama Mianda akafikiri kidogo. Akasema machozi yamekwisha kutoka, na sababu hazikosekani, basi angemalizia tu. Akalia kidogo tena, akajifuta kwa ncha ya kikwembe alichojifunga, akaenda kuendelea na kufua.

Huyu Mama Mianda ndiye aliyekuwa na kitu walichokihitaji. Kwenye reli ya pembeni lilisimama behewa kuukuu la abiria, lisilo na viti wala vioo, na humo ndimo yeye na jamaa zake walimojipatia makao. Mukuna alilizunguka mara mbili, akapima urefu wa kidato cha kwanza kwa kamba yenye mafundo, na cha pili, na umbali wa vyuma vya kushikia vilivyosimama pande mbili za mlango. Kila mtu aliyeulizwa alisema treni itakayokuja itakuwa na mabehewa kama lile. Wanawake na watoto hawasafirishwi vinginevyo. Kwa hiyo wakaenda kuomba ruhusa ya kuutumia mlango wa Mama Mianda kila siku saa moja asubuhi, wakapewa.

Kwa Mukuna njia ya kufika ilikuwa na mambo yake. Wanaume fulani walikuwa wameweka gogo barabarani karibu na stesheni na kukagua kila apitaye. Katika mkoba wake walikuta vifuko viwili vya mchanga, vilivyoshonwa imara, wakataka kujua ni silaha gani. Akawaambia ni kilo mbili kila kimoja, wajaribu wenyewe. Mmoja akakinyanyua, na uso ukamkunjamana. Mukuna akamwuliza bega hilo limeanza kuuma lini, akamshika, akamgeuza, akamwambia aje hospitali Alhamisi. Tangu siku hiyo gogo lilisogezwa akiwa bado yuko mbali. Majirani zake nao walimwuliza kwa nini anawafuata watu wale. Aliwajibu kwamba katika masomo yake yote hakufundishwa kutibu asili ya mtu, alifundishwa viungo tu, na kwa hiyo alikuwa anafanya kile kidogo alichokijua.

Kupanda kidato, kwa mtu wa hali ya Kanku, ni kazi yenye mpangilio. Kwanza magongo hutupwa ndani. Kisha mikono miwili hushika vyuma, mguu wenye nguvu hutangulia, mwili huinuliwa kwa mabega zaidi kuliko kwa goti, na mguu wenye aparei hufuata ukiwa umenyooka, kwa kuzungushwa kutoka nyongani. Ukikosea zamu, unaning'inia. Siku ya kwanza Kanku alikosea zamu. Alining'inia mlangoni, mguu mmoja hewani, mpaka Mukuna akamshika kiuno na kumshusha.

Muamba, kinyozi aliyekuwa ameweka kiti chake kwenye kivuli cha behewa lile, alisimamisha mkasi. "Mama, unapanda ama unaanikwa?"

"Nyoa batu, tata. Wachana na miguu."

Siku ya pili alianguka na kukwaruza kiwiko. Siku ya tatu aling'ang'ania kidato cha kwanza, akakaa hapo kama kuku kwenye dirisha, asijue njia ya kwenda mbele wala ya kurudi. Wateja wa Muamba walianza kuongezeka, na baadhi yao hawakuwa na nywele za kunyoa. Mukuna hakujali watazamaji. Alasiri alimpa vile vifuko vya mchanga avinyanyue akiwa amelala chali, na kumfanya ajisukume juu kutoka kwenye kreti mbili kwa mikono, matako yakiwa hewani, mara kumi, kisha mara kumi tena. Kanku alisema kwa kazi ile angeweza kupasua kuni. Mukuna akasema kuni zisubiri.

Siku ya kumi na mbili kitasa cha goti kililia. Siku ya kumi na tano, kulipokuwa na baridi ya kuanza kwa kiangazi na pumzi za watu zikionekana, alishika vyuma, akainuka, akauzungusha mguu, na ghafla akajikuta amesimama ndani ya behewa, ameinama akitafuta magongo yake sakafuni.

Hapo kikatokea kizuizi ambacho Mukuna hakukipima. Behewa lilikuwa nyumba ya mtu. Na mgeni akiingia nyumbani kwa mwanamke wa malezi ya Mama Mianda, husalimiwa kwanza kwa Kiluba cha Kasai, moyo kwa moyo, huulizwa habari ya wote aliowaacha, huketishwa, hupewa kitu mkononi. Mama Mianda akaleta kigoda na sahani ya karanga.

"Mama, hatuna wakati wa kuketi," alisema Mukuna kutoka chini. "Anashuka sasa hivi, apande tena. Mara kumi."

"Basi atanisalimia mara kumi," alisema Mama Mianda. "Mi sina mulango ya kupita kama sokoni."

Hakuna hoja iliyomtikisa. Siku ile Kanku alipanda mara nne tu, na mara nne alisalimiwa, akaketi, akala karanga, akaulizwa habari za Barnabé ambazo hazikuwa zimebadilika katika dakika sita. Mukuna alisimama chini akitazama saa yake. Lakini alikuwa mtu mwangalifu, na siku ya tatu ya mtindo huo akagundua jambo: katika kuketi kwenye kigoda kile kifupi na kuinuka kutoka hapo, Kanku alikuwa anafanya zoezi ambalo yeye alikuwa amelihofia kumpa. Akaacha kutazama saa. Akaomba tu, kwa adabu, kwamba kigoda kisogezwe mbali kidogo na ukuta, ili asipate pa kuegemea. Mama Mianda akasema hilo linawezekana.

Barnabé alikuja kukagua mwishoni mwa Mei. Alitazama dada yake akipanda asubuhi, akarudi adhuhuri akatazama tena, akarudi alasiri mara ya tatu, kwa sababu ghalani kitu kisichohesabiwa mara tatu hakijahesabiwa. Mara ya tatu Kanku alipanda haraka kuliko Laure, aliyekuwa amejaribu nyuma yake kwa mzaha, akakanyaga upindo wa kikwembe chake. Barnabé alitoa rula kutoka kwenye mfuko wa shati, akalaza daftari juu ya goti, akachora mstari mmoja ulionyooka. Wale vijana wawili walihamishiwa kwenye unga.

Treni ilikuja siku ya Jumatano, kabla ya saa mbili asubuhi. Watu waliisikia kabla ya kuiona, na stesheni nzima ikasimama kwa pamoja. Kanku alikuwa amekwisha kujifunga aparei. Alisimama mahali alipokuwa amepachagua, magongo mkononi, moyo ukimdunda kwa furaha ambayo aliionea aibu kidogo, kwa kuwa ilikuwa furaha ya kuondoka katika mji alioupenda. Treni ikapita mbele yake, behewa baada ya behewa, ikipunguza mwendo, na kwa kila behewa furaha ile ilipungua pia.

Yalikuwa mabehewa ya mizigo. Hayakuwa na vidato, hayakuwa na vyuma vya kushikia. Kila moja lilikuwa na mlango mpana katikati wa kusukuma, na sakafu yake ilimfikia mtu mzima kifuani.

Mukuna alikuwepo, kwa sababu ilikuwa saa yake ya kazi. Alilitazama behewa lililosimama mbele yao, akatazama kamba yake yenye mafundo.

"Mama Kanku," alisema taratibu, "nimekuandaa kwa treni nyingine. Unisamehe."

Pande zote watu walianza kurusha magunia. Barnabé alikuwa tayari anapaza sauti kuwaita wale vijana wawili, na safari hii hakuwa na kosa; hakuna makubaliano yaliyotaja sakafu ya kifuani. Kanku akaona mabega yao mapana yakikata umati kuja upande wake. Ilikuwa imebaki labda dakika moja kabla hajawa mzigo.

Akaitumia dakika hiyo kutazama. Aliwatazama watu wanavyopanda, na aliona kitu ambacho mtu mwenye miguu miwili mizima asingekiona, kwa maana hana haja ya kukitafuta. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anapanda kwa miguu. Wanaume walijirusha kwa matumbo. Wanawake walivutwa kwa mikono. Mchungaji mmoja mwenye koti jeusi alikuwa akisukumwa matakoni na waumini wake. Kwenye sakafu ya urefu ule, miguu ya Kolwezi nzima ilikuwa haina kazi. Mabega ndiyo yaliyoulizwa. Na mabega yeye alikuwa nayo, ya miaka ishirini na saba ya magongo na ya wiki sita za kreti na mchanga.

"Yaya, lete sanduku ya mashini. Liweke hapa, karibu na mulango. Mashini itoke kwanza."

"Kanku, hakuna wakati."

"Kwa hiyo usiongee."

Barnabé aliitoa mashine, akalilaza sanduku. Lilikuwa la mbao nene, na lilimfikia Kanku karibu na goti. Akayatupa magongo ndani ya behewa. Akashika ukingo wa mlango kwa mkono mmoja na bega la Mukuna kwa mwingine. Kisha akaliachia bega, kwa kuwa bega la mtu nalo ni aina ya kubebwa, akashika ukingo kwa mikono yote miwili. Mguu wenye nguvu ukatangulia juu ya sanduku. Mguu wenye aparei ukafuata. Sasa sakafu ilikuwa kiunoni mwake. Alijigeuza kwa hatua ndogo ndogo mpaka akaipa treni mgongo na umati uso, akaweka viganja nyuma yake juu ya mbao, akajisukuma kama alivyojisukuma mara mia kutoka kwenye kreti, na akaketi.

Aliketi mlangoni mwa behewa, mguu mmoja ukining'inia, mwingine umenyooka mbele kama mkono wa kituo cha ukaguzi, kikwembe kimempanda magotini, akihema. Wale vijana wawili walifika, wakasimama na mikono mitupu.

"Sasa mubebe nani?" Muamba aliwauliza, akiwa na kiti chake cha unyozi kichwani.

Hawakukosa kazi. Laure alisimama juu ya sanduku, Kanku akampa mkono akamvuta, na Laure akaingia kwa mshangao, kwa kuwa hakuwa amejua wifi yake ana nguvu kiasi hicho. Wakafuata watoto, mmoja mmoja, kama nguo zitolewazo kwenye maji. Akafuata Mama Mianda, ambaye hata akiwa amening'inia kati ya mbingu na reli alisalimia kwanza. Barnabé akawa wa mwisho, baada ya kila kitu kuhesabiwa. Alikuwa mtu wa tumbo. Kanku alimshika kifundo cha mkono, vijana wakamshika mkanda wa suruali, na kwa pamoja wakamwingiza mwenye orodha ndani ya behewa, akalala kifudifudi juu ya magunia ya unga, akikohoa.

"Yaya, baki hivyo hivyo nusu saa," alisema dada yake. "Ni dawa ya nyonga."

Behewa lote likacheka, na Barnabé naye akacheka, uso ukiwa kwenye gunia.

Kisha ikabidi kuagana. Mukuna alisimama chini, kichwa chake kikiwa sawa na magoti ya Kanku. Alitoa maelekezo yake yote: mikanda ya ngozi isilowe, kitasa kipakwe mafuta, na huko Kasai atafute mtu wa kazi hii hata kama ni mbali. Aliyasema haraka haraka, akitazama kitasa. Kanku alimshukuru kwa miaka kumi na moja. Wote wawili walilia kidogo, wakasemezana maneno ambayo watu huyaweka kwa ajili ya mara moja tu maishani. Mukuna akageuka, akaondoka bila kutazama nyuma, kama inavyopasa.

Treni haikuondoka. Saa tatu ikapita, na saa nne. Ikasemekana dereva anangoja karatasi. Baadaye, kwamba karatasi inamngoja dereva. Saa tano Mukuna, ambaye alikuwa amefika hadi kwenye gogo na kuambiwa habari hizo, akarudi pole pole, mwenye haya kama mtu aliyesahau kofia yake katika nyumba aliyokwisha kuaga.

"Bado mupo," alisema.

"Bado tuko, tata."

Maneno yote ya kuagana yalikuwa yamekwisha kusemwa na yasingeweza kurudiwa. Mukuna akatazama saa. Akasema kwamba, kwa kuwa hali ni hiyo, na kwa kuwa mgonjwa alikuwa amekaa tangu saa mbili, ingefaa kuunyoosha ule mguu. Akaweka mkono mmoja sakafuni, akaruka, akateleza. Akaruka tena. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kwa kazi yake alitumia zaidi vidole.

Kanku akainama, akanyoosha mkono. "Shika hapa, tata, juu ya kifundo. Usiruke. Egemea mbele, mi navuta."

Akamvuta, akaingia.

Mukuna alimkanda Kanku na kumnyoosha mguu juu ya mkeka wa Mama Mianda, katikati ya magodoro na masufuria, akieleza kila alichokifanya kwa sauti ya darasani, ili Laure aone na aweze kusaidia. Walikuwa bado katikati ya kazi injini ilipopiga honi na behewa likashtuka. Mukuna akasimama, akaketi mlangoni, akajishusha vizuri kabisa kwa viganja, kwa namna ileile aliyokuwa amemfundisha mgonjwa wake. Treni ilikuwa inakwenda polepole kuliko mtu. Akatembea kando yake, bado anaelekeza, akionyesha kwa mikono: kuvuta, kushikilia, kulegeza. Reli ikaanza kupinda, mwendo ukaongezeka, na baada ya muda ikaonekana mikono tu, halafu vumbi la kiangazi.

Kanku alibaki akitazama upande ule mpaka majengo ya mgodi yakajificha nyuma ya vichuguu. Mbele yao kulikuwa na stesheni ya Tenke, kisha njia ndefu ambayo hakuna aliyeijua.

Mama Mianda alisogea karibu yake, akashusha sauti.

"Mwanangu, hii goti yangu ya kuume, mwaka wa pili sasa haikunjuki vizuri. Kwa ile kigoda nilikuwa naumia, nilikuwa nanyamaza tu. Unazani inaweza kunyooka?"

Kanku akaliangalia goti lile. Akaligusa kwa kiganja, juu, kisha chini, kisha pembeni, kama alivyoguswa yeye kwa miaka mingi.

"Lala hapa kwa mukeka, mama," alisema. "Laure, nisongeshee hiyo gunia. Tuone kwanza."